Vikapu Vyote ni vya Bwana Lameki

Haya si ya zamani za kale. Ni ya juzijuzi tu, na kama hukuyasikia ni kwa sababu redio iliyatangaza vizuri mno. Nchi yenyewe siitaji, si kwa woga, ila jina lake lilipelekwa wizarani kurekebishwa na bado halijarudi.

Nchi hiyo ina mikoa mitatu: Mkoa wa Mbele, Mkoa wa Kati na Mkoa wa Nyuma. Aliyetoa majina hayo alisema hakuwa na nia mbaya, alisimama tu mlangoni kwake akaangalia. Mbele kuna uwanja wa ndege, kuna lami, kuna umeme unaowaka mpaka mchana, na kuna maduka ya vioo ya mke wa Waziri. Kati kuna vyungu. Nyuma tupo sisi na vikapu vyetu.

Barabara ya kuja kwetu ipo. Imezinduliwa mara mbili, utepe ukakatwa, watu wakala pilau, na kwenye ramani imepakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Kilichobaki ni kuijenga.

Sasa nieleze jinsi tunavyouza, maana bila hilo hutaelewa tulivyoangamia. Kwetu kikapu hakimalizwi nyumbani. Tunasuka ukili, tunaushona mpaka kikapu kinasimama, kisha tunakiacha mdomo wazi, majani ya ukindu yakining'inia kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Hivyo hivyo tunakiweka mezani. Mnunuzi akija anakaa kwenye kigoda mbele ya meza, anapitisha mkono, na msusi anapima vishikio kwa mkono huohuo. Ndipo anapofunga pindo, taratibu, huku akimuuliza mtu habari za kwao. Mama yako yupo? Mvua imenyesha? Asiyejibu hafungiwi.

Pindo likishafungwa, kikapu ni cha mtu yule mpaka afe. Hakiuzi, hakiazimishi, na mwingine hakibebi hata akipewa bure. Siku akizikwa, msusi huenda matangani, anafungua pindo, anasema, "Mkono umepumzika," na anarudi na kikapu kikiwa wazi tena, kimngoje mtu mwingine. Msusi mwenyewe hana kikapu. Anafungiwa cha kwake siku anayoacha kazi, si kabla. Kwa nini iwe hivyo, sijui. Mama hajui. Bibi alijua, na alipofariki tulifungua kikapu chake tukaangalia ndani, hatukukuta maelezo.

Meza yetu ilikuwa ya pili kutoka mlango wa soko. Bibi alimwachia mama, na mama, Bi Mize, alikuwa akikaa upande wa kulia na mimi kushoto. Unga wetu, mafuta ya taa, dawa ya kifua cha mama, vyote vilipitia juu ya meza ile. Hatukuwa na shamba wala mtu mjini. Nalisema mapema ili usije ukadhani hadithi hii ni ya vikapu.

* * *

Siku moja lilikuja gari la matangazo. Lilikwama mtoni, kwa hiyo tangazo tulilisikia kutoka ng'ambo, nusu likija na upepo na nusu likienda na maji. Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Waziri wa Ushindani Sawa, imerekodiwa.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu sikivu imegundua kwamba katika uuzaji wa kazi za mikono, mkoa mmoja unauza sana na mwingine hauuzi kabisa. Tofauti hii haikuidhinishwa na mtu yeyote! Kuanzia leo kila mkoa utashindana sawasawa na wenzake, na utakaoshindwa utashindwa kwa kufuata utaratibu! Mkoa utakaoshika mkia, soko lake litafungwa, ili wananchi wake wapumzike na aibu!"

Watu walipiga makofi. Sisi tumezoea, sauti ikipanda namna ile mikono inaenda yenyewe.

"Mkoa utakaoshika mkia ni upi?" mama aliniuliza.

"Hajasema, mama."

"Hajasema," alidakia Bi Kidawa, jirani yetu wa meza ya tatu, "lakini gari kalileta huku."

Kabla ya tangazo lile, wataalamu walikuwa wameagizwa wachunguze kwa nini Mkoa wa Nyuma hauuzi. Walikwenda kuchunguzia Mkoa wa Mbele, maana ndiko kwenye hoteli. Walikaa msimu mzima, wakaogelea, wakatoa matokeo. Umbali si tatizo, kwa sababu watafiti hawakuuona. Barabara si tatizo, kwa sababu mikoa yote mitatu ina rangi nyekundu. Tatizo la Mkoa wa Nyuma ni moyo. Hatuna moyo wa kuuza. Redio ilisoma matokeo hayo wakati wa chakula cha mchana, na mama alijishika kifua kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama ameibiwa.

* * *

Afisa alifika kwa miguu, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa kijana mwembamba, na mkono wake wa kulia ulikuwa mfupi kidogo, kama uliovunjika utotoni ukaunga vibaya. Alisimama mbele ya meza yetu, akavaa viatu kwanza, ndipo akasalimia.

"Shikamoo mama. Naitwa Lameki Songoro, Afisa Ushindani Daraja la Tatu. Nimekuja kuhesabu bidhaa zilizokamilika."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa kwenye kigoda."

"Siruhusiwi kukaa nikiwa kazini."

"Haya, na uji je? Unaruhusiwa?"

Alifikiri. "Nikiwa nimesimama."

Akanywa amesimama, bakuli lote, akalamba kijiko. Kisha akaanza kazi. Alishika kikapu cha kwanza, akakigeuza.

"Hiki hakijakamilika."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na hiki?"

"Nacho hakijakamilika."

"Sasa mama, vilivyokamilika viko wapi?"

"Viko kwa wenyewe."

"Naona mnanitania."

Bi Kidawa alikuwa akingoja nafasi hiyo tangu asubuhi. "Bwana Afisa," alisema, "wewe una mke?"

"Bado."

"Basi na wewe hujakamilika, na mbona tumekunywesha uji?"

Soko zima lilicheka. Bwana Lameki hakucheka. Aliandika sifuri, duara safi kabisa, inaonekana alifundishwa na mwalimu mzuri. Halafu akafungua begi akatoa kikapu cha plastiki, chekundu na kijani, kinang'aa.

"Wizara imewaletea mfano wa kuiga," alisema. "Hiki kinauzwa Mkoa wa Mbele, kwenye maduka ya vioo. Kinakuja ndani ya makasha kutoka nje, kimekamilika kila upande. Mtu anashuka kwenye ndege, ananunua, anapanda ndege. Hakuna kukaa, hakuna kuulizana habari za mama."

Kwenye kikapu kile kilining'inia kikaratasi kigumu chenye maneno KIKAPU HALISI CHA MKOA WA NYUMA, na juu ya maneno picha ya mwanamke aliyeinama juu ya ukili, anatabasamu.

Mama alikitazama muda mrefu. "Huyu namfahamu," alisema.

"Ni nani?"

"Si mimi huyo? Kitambaa hicho nilikuwa nimeazima. Walikuja wazungu na dereva, wakasema picha ni ya kumbukumbu."

Bwana Lameki alitazama picha, akamtazama mama, akatazama picha tena. Utaratibu wake haukuwa na mahali pa kuandika jambo la namna hiyo. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa ametembea tangu mtoni bila kula zaidi ya uji wetu. Akashuka taratibu mpaka kwenye kigoda.

"Sijakaa," alisema. "Nimeanguka."

"Sawa mwanangu. Mama yako yupo?"

"Yupo. Lakini hatuongei. Kazi yangu nimemweleza mara nyingi haielewi, anadhani namficha kitu."

"Mvua kwenu imenyesha?"

"Sijui, mama. Sijaenda siku nyingi." Na machozi yakamlenga, kijana wa watu.

Mama alichukua kikapu kilichokuwa karibu, akapitisha mkono ule mfupi, akapima vishikio, akaanza kufunga pindo. Hakuwa na hila yoyote. Alimwona mtu amekaa na amejibu, basi akafunga. Bwana Lameki aliangalia pindo likizunguka mdomo wa kikapu, likakutana na mwanzo wake, likafungika. Akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Kimekamilika!"

Akafuta sifuri, akaandika moja. Akaitazama ile moja. Kisha akageuka akayatazama masoko yote ya Mkoa wa Nyuma yaliyokuwa kichwani mwake, vikapu vyote vikiwa midomo wazi vikingoja mtu wa kukaa.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "serikali nayo inaweza kukaa."

* * *

Wizara ilifurahi sana. Bwana Lameki akapandishwa cheo, akawa Mnunuzi wa Taifa, Kanda ya Nyuma. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alipita meza kwa meza, kijiji kwa kijiji, akakaa kwenye kila kigoda, akapitisha mkono wake wa kulia katika kila kikapu, na kila mara akaulizwa na kila mara akajibu, maana asiyejibu hafungiwi. Mwishowe mkoa mzima ulimjua mama yake, ugonjwa wake wa miguu, na bata wake mmoja asiyetaka kutaga.

Usidhani tulikubali bila kufikiri. Tulikaa kikao nyuma ya soko, wanawake wote.

"Tukimfungia vyote, tutamuuzia nani tena?" mama aliuliza.

"Tusipomfungia, soko linafungwa," mwingine akasema.

"Bwana Lameki, na malipo?" Bi Kidawa alimuuliza mwenyewe, aliyekuwa amesimama pale pembeni akila muhogo wetu.

"Malipo yako njiani."

"Njia ipi? Ile nyekundu?"

Akamega muhogo mwingine. Mama alivuta pumzi, kifua kikapiga filimbi. "Meza kwanza," alisema. "Tukiwa na meza tutasuka vingine. Ukindu si upo bondeni?"

Ukindu ulikuwepo. Bonde zima la mikindu, tangu enzi za mabibi. Basi tukafunga. Wiki ile vidole vya mama vilitoka damu, na kila kikapu kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na vishikio vifupi, kimoja kifupi kuliko mwenzake, vya mkono wa mtu mmoja tu duniani.

* * *

Matokeo yalitangazwa kwa redio. Wa tatu, Mkoa wa Kati, ambao vyungu vyake vilipasuka vyote vikiletwa kwenye ukaguzi. Soko lao likafungwa jioni hiyohiyo. Wa pili, Mkoa wa Mbele. Wa kwanza, kwa kuuza kila kitu bila kubakiza hata kimoja, Mkoa wa Nyuma!

Tulicheza ngoma. Sitakuficha, hata mimi nilicheza. Tuliiwekea meza yetu ua.

Mheshimiwa Waziri akaamua aje mwenyewe kutupongeza. Kwa kuwa barabara ilikuwa bado kwenye ramani, alikuja kwa helikopta, na helikopta ikahitaji pa kutua, na mahali pekee penye tambarare ni bondeni. Vijana wa kazi maalumu walitangulia na misumeno. Tulidhani wanapunguza mkindu mmoja mmoja. Walikata bonde zima, wakang'oa na mizizi, wakamwaga kokoto, wakapaka duara jeupe katikati. Walifanya kazi nzuri sana. Sijawahi kuona serikali ikimaliza jambo upesi namna ile.

Waziri alishuka, akashikilia kofia, akahutubia.

"Mmeuza mpaka meza zimebaki tupu! Huu ndio moyo tuliokuwa tunautafuta! Wataalamu walisema hamna, leo mmewaumbua!"

Mama alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Mikindu yetu..."

"Mama yangu, taifa lilihitaji mahali pa kukanyaga."

"Tutasuka kwa nini sasa?"

"Kwa bidii!" alisema Waziri, na makofi yakapigwa. "Lakini ndugu zangu, mkoa wa kwanza hauwezi kuwa na soko tupu. Ni aibu mbele ya wageni. Nitarudi Sikukuu ya Ushindani. Meza nitakayoikuta tupu nitampa mfanyabiashara mwenye shehena. Makasha yapo tayari, yamejaa bandarini."

Akapanda, akaenda zake. Upepo wa helikopta uliondoa ua letu mezani.

* * *

Sasa tazama tulipofika. Vikapu tulikuwa navyo, vimeijaza nyumba aliyopangishiwa Bwana Lameki mpaka yeye mwenyewe akawa analala ukumbini kwetu. Lakini vyote ni vyake. Ukindu hakuna. Malipo hayakuja. Sikukuu inakaribia.

Bi Kidawa alijaribu. Alichukua kimoja akakaa nacho kando ya njia, akampata mpita njia mmoja. Yule mtu alikipitisha mkononi, kikamkaba kwapani. Akaangalia pindo.

"Huyu mwenye mkono huu yu hai?"

Bi Kidawa hajawahi kusema uongo juu ya maiti. "Yu hai."

Yule mtu akakiweka chini polepole, kama mtu aliyeingia chumba cha watu kwa makosa, akaomba radhi akaondoka.

Ilibaki njia moja tu, na hakuna aliyeitaja. Halafu Bwana Lameki akaugua homa.

Mkoa mzima ulikuja kumwona pale ukumbini kwetu. Walimletea uji, supu, mbegu za maboga. Walikaa kandokando ya kitanda wakimtazama kwa upendo ambao hajawahi kuupata wizarani.

"Unaendeleaje, mwanangu?" waliuliza.

"Leo nina nafuu."

"Aa," alisema Bi Kidawa, na sauti ikamshuka kidogo. "Tunamshukuru Mungu."

Akimsindikiza njiani, mama alimgombeza. "Kidawa, huna haya?"

"Ninayo, Mize. Ninayo kubwa. Lakini meza yangu ina watoto chini yake, na yeye ana bata."

Usiku mmoja nilimkuta mama amekaa mbele ya kikapu kile cha kwanza, kile alichomfungia siku aliyoanguka kwenye kigoda, kidole juu ya fundo. Hakulifungua. Asubuhi alimchemshia Bwana Lameki mwarobaini akamnywesha kwa nguvu, naye akapona kabisa. Kuna watu sokoni walioacha kumsalimia mama kwa sababu ya dawa ile.

* * *

Kilichotuokoa, kama ni kutuokoa, ni redio. Wizara ilikuwa imeishiwa mishahara, na badala ya kuwafukuza watumishi, jambo ambalo lingeleta kelele, iliwafisha. Tulikuwa tunamenya muhogo uani wakati msomaji alipoanza kusoma majina kwa ule muziki wa huzuni.

"...Songoro, Lameki, Mnunuzi wa Taifa, Kanda ya Nyuma. Serikali inatoa pole kwa familia."

Kisu kilimwanguka Bwana Lameki. "Nimekufa?"

"Redio imesema," Bi Kidawa alisema.

"Lakini namenya muhogo!"

"Serikali haijasema usimenye."

Muhogo ukaiva, ukapakuliwa, ukapoa mbele ya Bwana Lameki. Akamgeukia mama.

"Bi Mize. Mimi ni mtu wa serikali tangu nitoke shule. Ikisema niko Daraja la Tatu, niko Daraja la Tatu. Ikisema nimekufa, mimi ni nani nibishe? Fungueni vikapu."

"Hatujawahi kumfungulia mtu anayetutazama," mama alisema.

"Nitafumba macho."

"Barabara walituambia ipo haipo," alisema Bi Kidawa, na sasa hakuwa akitania. "Malipo walituambia yako njiani hayako. Leo ndiyo tuwaamini juu ya maiti?"

Lakini alisema hivyo huku ameshasimama.

Tulitandika jamvi ukumbini. Bwana Lameki akalala chali, tukamfunika shuka nyeupe. Wanawake wa soko zima wakaja, wakakaa kuzunguka ukuta, vikapu vikapitishwa mkono kwa mkono kutoka ile nyumba nyingine. Mwanzoni tulikuwa tunaona haya, wengine wanacheka chini kwa chini. Mama akachukua cha kwanza kilichomfikia, akafungua fundo.

"Mkono umepumzika," alisema.

Kilio kikatoka kona ya mlangoni, mtu hakukipanga. Kikaitikiwa. Kabla pindo la tatu halijafunguliwa, nyumba nzima ilikuwa inalia, kilio cha kweli, cha matanga ya kweli. Mmoja alilia mikindu, mmoja alilia mumewe aliyekwenda Mkoa wa Mbele kubeba makasha asirudi, mmoja sijui alilia nini, alikuwa anapigapiga sakafu tu. Chini ya shuka Bwana Lameki naye alikuwa analia, kitambaa kinapanda na kushuka.

"Samahani," alisema mara moja. "Naomba maji."

"Maiti haiombi maji," alisema Bi Kidawa, akaenda kumletea.

Tulifungua mpaka jua likazama. Kikapu kile alichomfungia siku aliyoanguka kwenye kigoda kilipomfikia mama, alikiweka kando ya shuka, karibu na ule mkono mfupi. "Hiki simfungulii mtu," alisema. "Hiki alikaa mwenyewe."

Bwana Lameki aliamka, akakikumbatia, akatuomba jambo moja: tusimpelekee mama yake habari. Lakini mama yake ana redio.

* * *

Siku ya Sikukuu meza zote zilijaa. Tulipiga deki, tukavaa kanga zetu za harusi. Mheshimiwa Waziri alishuka kwenye duara lake jeupe, nyuma yake afisa mpya ambaye jina hakutuambia, na nyuma yao wapagazi na makasha.

Afisa mpya alishika kikapu, akakigeuza. "Hakijakamilika." Akashika kingine. "Hakijakamilika." Alienda meza kwa meza, na mimi nikawa nafuata midomo yake kwa macho.

Waziri alitikisa kichwa kwa uchungu. "Mwaka jana mliuza vyote. Mwaka huu hata kimoja hamjamaliza. Imekuwaje?"

"Mnunuzi wetu alifariki, Mheshimiwa," alisema Bi Kidawa.

"Oo. Nilisikia. Kijana mchapakazi." Akavua kofia, na sote tukasimama kimya kumkumbuka marehemu. Bwana Lameki alisimama nasi, kichwa ameinamisha, kikapu chake begani. Waziri alipovaa kofia na kupita, alimkanyaga mguu, akamwambia samahani.

Hapo ndipo mama alipotoka nyuma ya meza. Alichukua kigoda, akakifuta kwa upindo wa kanga yake ya harusi, akakiweka mbele ya Waziri.

"Kaa, Mheshimiwa. Nikufungie kimoja. Kimoja tu, kihesabiwe."

"Mama yangu, mke wangu ana maduka ya hivi vitu."

"Kaa kidogo, baba. Sichelewi." Alikuwa ameshashika kikapu. "Mama yako yupo, Mheshimiwa?"

Waziri aliangalia saa.

Mama alisubiri. Sisi tumefundishwa kusubiri, hakuna anayetushinda kwa hilo. Waziri alisema neno kwa afisa, afisa akaandika duara, nalo lilikuwa safi, na wapagazi wakaanza kufungua makasha.

* * *

Siku hizi soko letu linaitwa Soko la Kimataifa la Kazi za Mikono za Asili. Lina uzio wa waya na mlinzi kutoka Mkoa wa Mbele. Wageni hawaji, kwa sababu ya barabara, lakini meza zimejaa, na redio inasema tofauti kati ya mikoa imekwisha: mikoa yote mitatu sasa inauza kikapu kilekile.

Sisi tunakaa nje ya uzio na vikapu vyetu midomo wazi. Bwana Lameki anakaa nasi. Hawezi kuajiriwa kwa kuwa amefariki, na mara moja alipokwenda kwao, mama yake alimfukuza akidhani ni mzimu umekuja kuchukua bata.

Juzi mama alikohoa asubuhi nzima. Alipomaliza alikivuta kigoda, akakigeuzia upande wa waya, akakaa. Mama hakuwahi kukaa kwenye kigoda kile maisha yake yote.

"Mashavu," aliniita. "Nifungie kimoja."

"Mama, bado."

"Nifungie, mwanangu. Vidole vimekataa."

Nilichagua kikapu kizuri kuliko vyote. Nikapitisha mkono wake, nikapima vishikio kwa mkono huohuo, ulikuwa mwepesi kama ukili mkavu. Nikashika jani la kwanza. Kisha ikabidi niulize, maana asiyeulizwa naye hafungiwi.

"Mama yako yupo?"

Alikuwa anatazama kupitia waya, kwenye meza yetu, ya pili kutoka mlangoni. Vikapu vya plastiki vilikuwa vimepangwa mpaka juu, na kwenye kila kimoja alining'inia mwanamke wa kitambaa cha kuazima, ameinama juu ya ukili, anatabasamu.

"Hayupo," alisema. "Ila mimi nipo. Si mimi yule pale, nimekaa mezani?"

"Mvua imenyesha?"

"Funga, Mashavu."

Nikaanza kufunga. Nilifunga polepole kuliko nilivyowahi kumfungia mtu yeyote, na kila nilipokaribia mwisho wa pindo nililifumua kidogo, nikaanza tena.